Kitamutamu Kinachoitwa Kesho

Bwana asifiwe. Haya, kaeni. Najua mmechoka, ibada ya kwanza imechelewa kutoka, na feni yetu ndo hiyo mnaiona. Mchungaji kasafiri, kaniachia dakika chache, na mimi sina mengi. Nina mwanamke mmoja tu wa kuwaambia, na huyo kachoka kuliko nyie.

Yuko Japani, huko magari yetu yanakotoka. Kule kuna watu chai hawanywi kama sisi, ya kugida huku umesimama. Wanapiga magoti kwenye mkeka, kimya, bakuli linashikwa kwa mikono miwili. Na chai yenyewe ni ya kijani, chungu, haina hata punje ya sukari. Kwa hiyo unapewa kwanza kitamutamu kimoja, unakila, ndo uchungu upite. Na kitamutamu lazima kiendane na msimu. Majani yakianza kudondoka, kinatengenezwa kwa kuri.

Kuri ni nini? Ni kokwa ya mti, ya kahawia. Ukiikuta imeshapondwa na sukari, imekaa kwenye sinia kama kilima kidogo, utasema hee! Ila mbichi ni shughuli. Ganda la nje gumu kama kwato. Ndani kuna ngozi nyingine, imeng'ang'ania. Unamenya kwa kisu, moja moja, mpaka vidole vinakataa kukunjika.

Basi kulikuwa na mama mmoja, sifa zake zilikuwa kukaribisha watu chai. Yeye sebuleni. Nyuma ya mlango, jikoni, huyu mwanamke wetu. Msimu mzima anamenya. Siku hiyo vidole vimejaa plasta, kisu kinamponyoka, anajisemea, "Nikimaliza hili beseni, lingine siwezi. Siwezi jamani." Na beseni la kesho liko pale pale, limejaa, linamwangalia.

Sebuleni wageni wanakula. Kule ni adabu mgeni mkubwa aulize jina la kitamutamu, maana kila kimoja kinapewa jina. Akauliza, "Mama, hiki kinaitwaje?"

"Kinaitwa Njia ya Mlimani."

"Aisee! Na kimetengenezwa na nani?"

"Na dada yetu wa jikoni. Dada! Hebu njoo wakuone."

Akatoka. Akainama, mikono kwenye mkeka, ndo wakaona zile plasta.

"Jamani, pole!" mgeni mkubwa akasema. "Wewe una mikono ya baraka. Kaa, na wewe ule."

"Nashukuru, mzee. Ila nikikaa, beseni la kesho nani anamenya?"

Mnajua walifanya nini? Walifurahi! "Mmesikia jibu hilo? Huo ndo unyenyekevu!" Mwingine akafuta machozi kabisa.

Mwanamke akawaangalia. Akarudi jikoni, akachukua sinia lile lile zuri, akalileta kwa adabu zote, magoti chini. Akaweka mbele ya kila mtu kuri moja mbichi, na ganda lake, na kisu pembeni.

Mgeni mkubwa akakohoa. "Na... na hiki kinaitwaje?"

"Kinaitwa Kesho."

Hapo wageni wakaanza kukumbuka safari zao. Huyu mguu umekufa ganzi, yule anawahi treni. Akabaki mama mwenye nyumba na vidole vyake laini. Akashika kisu. Kuri ya kwanza tu ikamteleza, akajikata.

"Dada, mbona ngumu hivi?"

"Ndo ilivyo, mama."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nimewaambia sasa hivi. Mkanisifu."

Mama akanyonya kidole. Halafu akalivuta lile beseni likakaa katikati yao, akachukua kuri nyingine.

Ndugu zangu, sisi ni wageni wa namna gani? Mama Eliakunda yuko wapi? Geukeni muangalie, kiti chake si hiki hapa? Yuko huko nyuma, anamenya viazi vya chai yetu. Mahubiri haya hata hayasikii. Juzi tulimsimamisha hapa mbele, tukamvika kitenge, tukamwombea, amina zikatikisa mabati. Halafu tukakaa tukasubiri sahani. Kuna mtu aliuliza kisu kiko wapi?

Tunajua sana kumsifu mtu aliyechoka. Kumpokea mzigo ndo hatutaki. Na sifa zetu, wapendwa, hazijawahi kumenya hata kiazi kimoja.

Naona mnasema amina. Msiniambie mimi. Mimi nanyamaza hapa hapa, navua koti, wimbo wa mwisho tutauimbia jikoni. Visu ni vichache. Atakayechelewa, ataosha masufuria.