Mlio Usio na Kazi

“Saza mlio, lijalo halina jina.” Ehe, mnaisema tu kama kasuku! Ile ya mbiu ya mgambo mnaijua; hii ni ndugu yake. Methali hii ilianza hivi.

Zamani watu wa milimani walipashana habari kwa pembe. Milio ilikuwa michache, hata mtoto aliijua: msiba, moto, vita. Tena kulikuwa na mlio mrefu usio na kazi. Wazee walisema, “Huo ni wa jambo lisilojulikana. Mkiusikia, simameni mlipo mpaka mjumbe aje.”

Mwadime alipokabidhiwa pembe, aliucheka mlio ule. “Wa nini huu? Umekaa bure miaka yote!” Watu walitaka mlio wa kuitana pombeni, naye hakutaka kuwaongezea mwingine wa kukariri. Akawapa ule mrefu. Walimpenda kwelikweli, na maana ya kale ikasahaulika.

Basi siku moja, jua la utosi, ukungu ukapanda kutoka bondeni. Ukungu na jua, wapi na wapi? Ndege wakanyamaza. Mbuzi wakalala chini bila kulia, macho wazi. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile.

Mkewe Mghoi akamshika mkono. “Baba Wawuda, mwanao anakuja leo kutoka kilima cha pili, na mtoto mgongoni! Njia ni ya bondeni. Waambie wasije!”

“Nipulize upi, mke wangu? Wa msiba, watakuja kulia. Wa moto, watakuja na maji. Wa vita, watakuja na mikuki.”

“Ule mrefu!”

“Ule ni wa pombe sasa.”

Ukungu ulikuwa umefika zizini. Mwadime akaupuliza ule mrefu, huku akiomba kilima cha pili kiwe na mzee hata mmoja anayekumbuka.

Kwanza kimya. Kisha vigelegele. Walikuja wakiimba, kilima kizima, sauti ya Wawuda ikitangulia. Wimbo ukateremka bondeni, ukaingia ukunguni. Sauti moja ikakatika. Nyingine ikakatika. Mwadime alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Mwishowe alisikika mtoto mchanga akilia, naye akanyamaza.

Ukungu uliishia zizini, ukarudi ulikotoka. Mwadime hakuigusa pembe tena, ila siku ya kumkabidhi mwingine. Alimfundisha msiba, moto, vita.

“Na huu mrefu, babu? Si tuupe kazi?”

Mzee alielekeza kidole bondeni.

“Saza mlio, mwanangu. Lijalo halina jina.”