Kwa Nini Aliyeshindwa Hushukuriwa Kwanza

Wageni wetu mmeshangaa, nimewaona. Matokeo yametangazwa, na kabla mshindi hajapongezwa, watu wote wamesimama kumshukuru aliyeshindwa. Kisha yeye ndiye aliyezibua ndiva. Kaeni niwaeleze, maana habari hii ni ya ukoo wetu, na sehemu yake mbaya ni yetu vilevile.

Zamani hizo ndiva hii, bwawa letu la udongo linalokinga maji ya mlimani, ilikuwa na ukuta ulionyooka, bila kile kinundu mnachokiona. Watu wa ng'ambo hii ya kijito na wa ng'ambo ile walimwagilia kwa zamu, na mtunza maji ndiye aliyezipanga. Alichaguliwa kwa mbegu. Kila kaya ilitumbukiza moja chunguni, ya kunde kwa huyu, ya mbaazi kwa yule.

Mwaka mmoja walishindana Senkondo wa ng'ambo hii, mtunza maji wa miaka tisa, na Nakiete wa ng'ambo ile, mjane asiyejua kunyamaza. Watu waligawanyika hata wakaacha kuombana moto. Uchumba mmoja ulivunjika. Mbegu zilipomwagwa kwenye ungo, Nakiete alizidi kwa saba. Senkondo akataka zihesabiwe tena, zikahesabiwa, saba zikabaki saba. Akaondoka bila kuaga, na fimbo ya kuzibulia maji akaondoka nayo.

Huyo Senkondo ni babu wa babu yangu. Alikuwa mtu mzuri, lakini siku hiyo kiburi kilimpanda kichwani.

Aliwakataza watu wake kwenda msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kukandika ukuta. Halafu akawaambia wachukue nusu yao ya maji, wasimwombe mtu. Asubuhi moja wakatoboa ukuta upande wetu ili wapate mdomo wao wenyewe. Sasa, ukuta wa udongo huvumilia mdomo mmoja tu, ule uliojengewa mawe. Huu wa pili ulilainika, ukapanuka, na kabla ya adhuhuri ukuta ukameguka. Maji yote yakateremka korongoni. Ulezi ulikuwa ndio kwanza unatoa masuke, na bila maji usingemaliza juma, wa ng'ambo hii wala wa ng'ambo ile.

Nakiete akaja na watu wake, majembe mkononi. Kila mtu alijua majembe yale yangeweza kufanya nini. Senkondo hakukimbia. Alitoka matopeni akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili.

"Dada, ningekubali siku ile, ningekuwa nimeshindwa peke yangu," alisema. "Mtunza maji ni wewe. Nipangie kazi."

Walio nyuma ya Nakiete walitaka atozwe mbuzi, wengine afukuzwe kabisa. Nakiete aliutazama ukuta uliomeguka. Alijua kwamba bila mikono ya ng'ambo hii ukuta usingesimama kwa wakati.

"Ahsante, kaka," akasema. "Weka wewe udongo wa kwanza, wenzako wakuone."

Akaweka. Watu wake wakashuka mmoja mmoja, kwa aibu, wakakandika bega kwa bega na wale waliowanyima moto. Siku ya tano maji yalijaa, na Nakiete akamrudishia Senkondo fimbo azibue yeye. Ulezi ulipona nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyotulisha, ndiyo maana mimi nipo hapa nasema.

Kinundu kile ndipo walipoziba. Na kuanzia mwaka ule hadi huu wetu, aliyeshindwa hushukuriwa kwanza, kisha hupewa fimbo akatufungulia maji.

Leo aliyeshindwa ni Mbonea, binti yangu wa mwisho. Nilimpigia kura, na sitawaficha, nimeumia. Lakini nimewasikia waliomkataa wakimwambia ahsante, nimemwona akiipokea ile fimbo kwa mikono miwili, na maji yameshafika shambani kwangu. Nami nasema ahsanteni.