Bakuli la Mwindaji

Nawapa mzigo, ndugu zangu, na nitauacha miguuni penu. Aliyezoea kujibu kabla ya swali akae nyuma.

Walikuwepo vijana watatu, nje kidogo ya Singida, wote wana digrii, wote hawana kazi. Msicheke, mnao majumbani mwenu. Ntandu alikuwa na kipaji cha kuchagua: mpeleke gulioni, atatoka na tikiti moja, na ndilo tamu. Binamu yake Mughwai alikuwa na kipaji cha kutafuta: mbuzi wa mtu akipotea, anaitwa yeye. Rafiki yao Kidanka alikuwa na shabaha, tangu enzi za manati. Vipaji vyote hivyo, na kila ofisi waliyobisha hodi iliwajibu the same thing: leteni experience.

Ntandu alitaka kumwoa Felista. Mama Felista hakuuliza habari za digrii. Alisema kwamba kwa desturi ya nyumba yake, anayeposa huleta kanga wa porini, wakiwa na manyoya yao yote, ili ukoo uone kwamba anaweza kulisha mtu. Ukoo utakutana Jumapili baada ya ibada. Akija mikono mitupu, posa imekufa, na mwingine anasubiri zamu.

Kibali cha kuwinda walikipata. Bunduki hawakuwa nayo.

Hapo kipaji cha Ntandu kikafanya kazi. Mjomba wake ana duka la zana za uwindaji mjini, akamruhusu aazime bunduki moja ya upepo. Ya kwanza ilikuwa ya kukunja mtutu, ya springi. Ina nguvu, lakini inalia kama bati lililoangukiwa na tofali. Ya pili ilikuwa nyepesi, risasi yake ndogo inakwenda mbali na imenyooka, ila kanga ataondoka nayo mwilini akafie vichakani kwa mateso. Ya tatu ilikuwa ya mtungi wa hewa, risasi nzito, na sauti yake ni kama mtu anayepuliza chai. Ntandu akaichukua hiyo. Ndege afe mara moja, akasema, na wenzake wasijue. Mjomba akamwambia kwamba hiyo ni bunduki ya mtu anayejua anachokipiga. Ntandu akacheka, akaifunga kwenye gunia.

Hapo kipaji cha Mughwai kikafanya kazi. Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, akafuata vumbi lililochakurwa, akaokota unyoya wenye madoadoa, akasikiliza. Akawavusha wenzake korongo mpaka kwenye shamba la uwele lililokwisha kuvunwa. Kanga walikuwepo, wanadonoa. Aliona kwamba hawakushtuka walipokanyaga vijiti. Akanong'ona kwamba kanga wa huku wazembe kama serikali ya mtaa.

Hapo kipaji cha Kidanka kikafanya kazi. Alilala kifudifudi, akapiga kichwa cha kwanza, puu, na wengine wakaendelea kula. Akapiga cha pili, cha tatu. Wa mwisho aliinua shingo akamtazama usoni, kama anayengoja kutupiwa punje. Kidanka alisita kidogo. Kisha akabonyeza.

Sasa mtaniambia: smart boys. Ngojeni.

Walifika kwa Mama Felista kabla hajarudi kutoka kanisani, wakakaa uani na ndege wao, na wakaanza kugombana. Kwa maana desturi ya hapo ina mkia: vidari ni vya mwindaji, na hupewa mbele ya ukoo. Ntandu akasema bila bunduki yake wangepata mmoja tu, wengine wangeruka. Mughwai akasema bunduki haina miguu. Kidanka akawauliza kama kanga walikufa kwa kusikia sifa zao. Walipandishiana sauti mpaka Mama Felista akaingia na mwavuli wake, akawasikia, akatabasamu, akawapokea ndege.

Akaenda jikoni na binti yake kuwanyonyoa. Chini ya bawa la kanga wa kwanza kulikuwa na uzi wa buluu. Wa pili, uzi wa buluu. Felista akaacha kunyonyoa. Nyuzi zile alizifunga yeye mwenyewe, siku vifaranga walipotoka kwenye mayai ambayo mama yake aliyaatamisha kwa kuku. Kila asubuhi mama aliwafungulia waende kwenye shamba lile la uwele, na jioni walirudi wenyewe.

Mama Felista hakupiga kelele. Alipika, na akapika vizuri. Ukoo ukala, ukasifu. Ndipo akatoka na bakuli la vidari, na ukingoni mwa bakuli zimelazwa nyuzi za buluu. Akawaeleza wageni ni nyuzi za nini. Hakuna aliyetafuna tena.

"Wanangu, asubuhi niliwakuta hapa kila mmoja akisema bila yeye hakuna nyama," akasema. "Sasa rudieni, na hawa wasikie."

Ntandu akatazama vidole vyake vya miguu. "Mama, mimi nilichagua bunduki tu."

"Mimi nilionyesha njia tu, mama," akasema Mughwai.

Kidanka naye akasema walimwambia piga, akapiga tu.

Asubuhi wote watatu walikuwa mabingwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa "tu". Felista alisimama mlangoni, amejifunika mdomo kwa upande wa kitenge, na aibu ile ilikuwa imemwingia yeye ambaye hakuua hata inzi.

"Atakayepokea bakuli hili ndiye aliyeniulia kanga wangu," akasema mama yake. "Nitamsikiliza. Na asiyelipokea, asije tena kwangu kunyoosha mkono kuomba kitu."

Akalinyoosha bakuli. Mkono wake ungali pale, na mchuzi unaganda.

Ndugu zangu, yule mwenye bunduki isiyoonya, yule aliyeona ndege hawashtuki akafanya mzaha, na yule aliyetazamwa usoni akabonyeza. Please, msiniambie wagawane. Vidari vinagawanyika, macho ya Mama Felista hayagawanyiki. Je, wewe ungeliweka bakuli hilo mikononi mwa nani?