Skuta Nne za Bosi Mavura

Bosi Mavura aliegesha skuta zake nne za umeme, za kukodisha, mlangoni kwa Bi Zamda, muuza maandazi. Wateja wakakosa pa kupita.

"Ziondoe, bosi."

"Nimezifunga kwa simu. Ukitaka ziondoke, zikodi."

Bi Zamda akaguna. "Nikodi vibovu? Hii haifiki hata msikitini. Kama inafika, iache pale niione."

Mavura akaipanda, akaiacha msikitini, akarudi kwa miguu.

"Hiyo nzima," Bi Zamda akasema. "Ila ya kijani ndiyo mbovu kabisa."

Akaipeleka. Kisha ya tatu. Alipopeleka ya nne, alirudi tai ikiwa begani.

"Zote nzima," alisema akihema. "Unakodi ipi?"

Bi Zamda alikuwa keshapanga mabenchi mlangoni. "Sikodi. Keti, bosi, umechoka. Nikupe andazi la moto?"