Jicho la Nyumba ya Bibi Nakiete

Sogeeni karibu, na asiyependa ugomvi aondoke mapema, maana hapa lazima tutabishana.

Milimani Upare jirani yangu Bibi Nakiete anaishi na wajukuu watatu. Wa kwanza, Namsifu, ana kipawa cha maneno: akikutana na neno geni hatulii mpaka ajue limezaliwa wapi. Eliamani anaujua upepo kama anavyozijua ndevu zake. Senzighe ni fundi wa kuta, mkono mwepesi, mdomo mzito.

Nyumba yao ya udongo haikuwa na dirisha hata moja. Huku kwetu baridi inaogopwa kuliko chui, kwa hiyo tunaziba kila tundu. Bibi alipikia humo humo, moshi ukamjaa kifuani, na daktari wa zahanati akasema wazi kwamba akiendelea hivyo atakufa. Wajukuu wakamsihi watoboe dirisha.

"Upepo uniingilie kitandani? Mnataka kunizika?"

Lakini kifua kilipombana zaidi, akaahidi: "Atakayeniondolea moshi huu bila kuniua kwa baridi, ng'ombe wangu mtamba ni wake."

Namsifu akaketi naye jikoni. "Bibi, dirisha kwa Kiingereza ni 'window'. Siku hizi hata kile kiboksi kinachofunguka kwenye kompyuta wanakiita hivyo. Lakini neno lenyewe walilipata kwa watu wa kaskazini ya mbali, nchi ya barafu. Maana yake ya kwanza ni jicho la upepo."

"Watu wa barafu? Na walitoboa kuta?"

"Walitoboa, Bibi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nyumba yangu ni kipofu! Haya, toboeni."

Senzighe akaweka alama upande wa mlango, kama ambavyo yeyote angefanya. Eliamani akazunguka nyumba akipuliza jivu kiganjani. "Hapo upepo utamrudishia Bibi moshi wote usoni," akasema. "Toboa upande wa migomba."

Senzighe akaguna, akahama. Ukuta wa huko ulikuwa mkongwe, umejaa nyufa. Fundi mwingine angeuangusha wote. Yeye aliukwangua taratibu, akautegemeza kwa miti, akatia fremu na kibao cha kufungia usiku.

Jiko likawashwa. Moshi ukatoka nje kwa adabu zake. Bibi akalala bila kukohoa, na kulipokucha tukamsikia akiimba. Nilifurahi hadi machozi.

Ikabaki habari ya mtamba.

"Bila neno langu asingekubali," akasema Namsifu.

"Bila mimi mngemkausha kwa moshi," akasema Eliamani.

"Neno na jivu vimetoboa ukuta gani?" akauliza Senzighe.

Bibi akatoa kichwa dirishani, akaniona napita. "Jirani, nimpe nani?"

Nikajifanya nina haraka. Wote watatu wana haki, mtamba ana mimba, hagawanyiki, na Bibi bado ananisubiri. Ungepita wewe njia ile, ungemwambia kamba ya mtamba amkabidhi nani?