Mafundo ya Vuai

Fundo la mwisho si kamba. Mmeisikia sokoni leo, mkaja mbio kuniuliza, maana mmezoea kutafuniwa. Haya, methali hii ilianza hivi.

Bi Mize alikuwa mfinyanzi wa mitungi ya maji. Muuzaji alikuwa mumewe, Vuai, na kila Ramadhani ikiisha, Vuai alipiga fundo moja kwenye kamba ya usumba: kila mitungi kumi iliyouzika mwezi huo, mzunguko mmoja ndani ya fundo. Alipofariki, kamba ilikuwa na mafundo thelathini na matatu. Mtoto hawakujaaliwa. Upweke ulimkaba Mize hasa. Kuna siku alipakua sahani mbili, akaketi akiitazama ile ya pili mpaka wali ukapoa.

Shemeji yake, Khatibu, akamwambia wazi kwamba mitungi ya Ramadhani iliyokuwa inakuja isipomlisha mpaka mavuno, atamhamishia kwake mjini. Mize hakutaka. Kaburi la mumewe lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, na nani angelipalilia?

Khatibu akaishika kamba, akatazama fundo la mwisho. Mizunguko mitatu.

"Finyanga thelathini, shemeji. Ukizidisha utabaki na vigae."

Mize akaichukua kamba. Alishinda siku nzima akipapasa fundo moja moja kurudi nyuma, na kila fundo lilimletea mwaka wake. Ya karibuni yalikuwa madogo, kwa kuwa Ramadhani iliangukia masika, maji yamepoa yenyewe, nani anunue mtungi? Lakini mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka, na baada ya miaka thelathini na mitatu hufika pale ulipoanzia. Akafika fundo la kwanza, la mwaka aliokuwa bibi harusi, joto la kaskazi likiwachoma waliofunga. Mizunguko tisa.

Akafinyanga tisini, peke yake. Khatibu alisema huzuni imemvuruga akili.

Ramadhani ikaingia na joto lake. Haikufika kumi la mwisho, mitungi yote imekwisha. Khatibu akaja, akauona mpunga umejaa ndani, akakiri kwamba alikosea. Ila hakuondoka.

"Chakula unacho, shemeji. Lakini huna hata wa kukuuliza umeamkaje. Maisha gani haya?"

Mize alilia, wala hakujificha. Kisha akajifuta kwa upande wa kanga.

"Kweli, mwaka huu ni mchungu. Lakini nimeishi miaka thelathini na mitatu na ndugu yako, shemeji. Fundo la mwisho si kamba."