Fahali Aliyeikimbia Sindano

Paukwa!

Pakawa.

Hamjala nyie? Paukwa!

Pakawa!

Haya, wajukuu zangu. Zamani hizo ng'ombe wakisema, palikuwa na fahali jina lake Mabaka. Shingo nene, kichwa kitupu. Zizini mwake alikuwamo Kipembe, ng'ombe mzee wa pembe moja. Watoto wake wengine walimalizwa na ugonjwa wa miguu na midomo, akabaki na ndama mmoja tu.

Siku moja daktari wa mifugo akaja na sindano. Kipembe akachomwa. Ndama akaambiwa bado mchanga, atengwe mbali na wagonjwa. Mabaka akasema, "Ngozi hii ichomwe?" Akakimbilia kichakani. Wenzake wote wakamfuata, mkia juu.

Siku ya pili Mabaka akaenda bondeni kula na Nyati.

Kipembe akamwambia, "Baba, huko kuna ugonjwa."

"Nyati anang'aa kama kapakwa samli. Ugonjwa uko wapi?"

"Anaubeba. Yeye haumwi, utaumwa wewe."

"Bibi, anaubeba tu?" mjukuu mmoja, Limi, akamkatiza msimulizi.

Anaubeba tu, kama wewe unavyobeba umbeya. Wanaoumia ni wengine.

Siku ya tatu Mabaka akarudi, udenda unamtoka.

"Kaa kule nje ya ua siku kumi na nne," Kipembe akasema.

"Nitengwe kama mchawi? Mimi?"

Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la chumvi, akalilamba. Wenzake nao wakalamba palepale alipolamba yeye. Kipembe akamsukuma ndama wake hadi ng'ambo ya ua, wakabaki huko. Wakamcheka: "Mama huyu, hata salamu anatunyima."

Wiki haikuisha. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimefika magotini, na zizi zima halitafuni. Midomo vidonda, kwato vidonda. Mabaka akajikokota hadi kwenye ua.

"Mama Kipembe, niitie daktari na sindano yake."

"Ilikuja, baba. Ulikuwa kichakani."

Ng'ambo ya ua, ndama akanyonya akashiba. Kisha akang'ata nyasi, taratibu, akimtazama Mabaka.

"Mabaka alikufa, Bibi?" Ngusa akauliza, akakohoa juu ya bakuli lao la chakula.

Hakufa, ila alikonda mpaka Nyati asimtambue. Basi, sindano ikija, nendeni mkachomwe. Ukitoka penye ugonjwa, kaa kando kwanza, hata kama una shingo nene. Hadithi yangu nimeifungia zizini.

Na wewe Ngusa unayekohoa, toka kwenye bakuli la wenzako.